Adabu Ilipogeuzwa Adhabu: Wanawake Viongozi na Dhihaka, Kutoka 1974 Hadi Leo

[MUZIKI WA KUFUNGUA. UNAPANDA, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI.]

MTANGAZAJI: Kama unatusikiliza ukiwa Rhino Camp, Imvepi au Lobule, karibu. Kama uko nje ya kambi, huko Ayivu, mjini Arua au sokoni Koboko, karibu pia. Na wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi kwa sababu redio ya kikundi chenu imeisha betri, karibu. Msomee na jirani asiyejua kusoma.

Leo tuna swali moja. Kwa nini mwanamke anaposimama kuongoza, watu huacha kusikiliza anachosema na kuanza kutazama alivyovaa, alivyokaa, aliyemsalimia na saa aliyorudi nyumbani?

Umewahi kuliona jambo hili. Mkutano wa zoni umeitishwa chini ya mwembe. Mwenyekiti mwanamume anazungumza akiwa amekaa, kofia kichwani, na hakuna anayesema neno. Kisha mama mmoja anasimama kuuliza kwa nini bomba la maji halijatengenezwa. Kabla hajamaliza, mtu wa nyuma anasema: "Huyu hata kusalimia wazee hajui." Watu wanacheka. Mama anakaa chini. Na bomba? Bomba linabaki vilevile, bovu.

Kicheko hicho kina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo inapita hapa hapa West Nile. Tuifuate.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Turudi mwaka 1974. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, aliyeshika madaraka kwa nguvu ya jeshi mwezi Januari 1971. Unajua kwamba Amin alitoka katika jamii ya Wakakwa wa Koboko. Hatulitaji jambo hilo ili kumwaibisha mtu yeyote wa Koboko. Watu wa West Nile walilipa gharama kubwa kwa jina la Amin. Alipoanguka mwaka 1979, maelfu kwa maelfu walikimbilia Sudani na Zaire, wakalala chini ya miti kama wengi wenu mlivyolala. Wazee wengi wanaotupa mashamba ya kulima leo walikuwa wakimbizi jana. Kwa hiyo tunasimulia habari za mtawala mmoja. Kabila lake halimo katika mashtaka.

Mwanzoni mwa 1974 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uganda alikuwa Michael Ondoga, ofisa wa jeshi, Mlugbara. Mwezi Februari Amin alimwondoa. Mwezi uliofuata mwili wa Ondoga ulipatikana katika Mto Nile.

Aliyewekwa mahali pake alikuwa mwanamke. Jina lake Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro, magharibi mwa Uganda. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza. Mwaka 1965 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili katika mahakama za Uingereza. Alikuwa pia mwanamitindo, picha zake zikatoka katika magazeti makubwa ya mavazi ya Ulaya na Marekani. Kisha akawa balozi, na sasa waziri. Mwaka huo huo wa 1974 alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuisemea Uganda.

Alidumu katika kiti hicho miezi tisa tu. Mwishoni mwa Novemba 1974 Amin alimfukuza. Sasa sikiliza sababu iliyotangazwa. Hakusema kwamba waziri ameshindwa kazi, wala kwamba ameiba fedha, wala kwamba ametia saini mkataba mbaya. Amin aliutangazia ulimwengu kwamba waziri wake amefanya mapenzi na Mzungu chooni, katika uwanja wa ndege mjini Paris.

Ulikuwa uongo. Lakini ulitangazwa kama habari ya serikali. Gazeti la serikali likachapisha picha ya mwanamke aliye uchi, likidai ni yeye. Magazeti ya nchi nyingine yakaurudia uvumi huo, kwa kuwa habari ya binti mfalme na choo huuza gazeti haraka kuliko habari ya hotuba katika Umoja wa Mataifa.

Bagaya alifanya nini? Mapema mwaka 1975 alitoroka, akavuka mpaka usiku kuingia Kenya. Ndiyo, ndugu msikilizaji, waziri yule alikuwa mkimbizi, kama wewe. Baadaye alikwenda mahakamani huko ng'ambo dhidi ya magazeti yaliyorudia uongo ule, akashinda. Baada ya miaka mingi alirudi katika utumishi, na mwaka 1986 akawa balozi wa Uganda nchini Marekani.

Sasa tulinganishe, lakini kwa haki. Hatusemi kwamba mwanamume aliyemtangulia alitendewa vizuri. Ondoga aliuawa. Utawala ule uliua wanaume na wanawake. Lakini tazama silaha iliyochaguliwa kwa kila mmoja. Mwanamume aliondolewa kama adui. Mwanamke aliondolewa kama mtu asiye na adabu. Na silaha hii ya pili ina ubaya wake: humfanya kila mtu anayecheka kuwa msaidizi. Hukushika bunduki. Ulirudia tu hadithi sokoni.

Na ni nani huyo aliyekuwa akifundisha adabu? Mwaka 1972 Amin alimtumia Rais Julius Nyerere wa Tanzania ujumbe akisema kwamba anampenda sana, na kwamba kama Nyerere angekuwa mwanamke angemuoa, ijapokuwa kichwa chake kimejaa mvi. Mwaka 1975, wakati marais wa Afrika walipokuwa wakikutana Kampala, alijifanya abebwe na Wazungu kwenye kiti mabegani. Watu walicheka, ndiyo. Lakini hakuna aliyesema kwamba kwa sababu ya mambo hayo wanaume hawafai kuongoza nchi. Wahenga walisema nyani haoni kundule.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Lakini uongo wa 1974 haukuota kwenye udongo mkavu. Udongo ulikuwa umekwisha kulowanishwa.

Mwaka 1972 serikali ya Amin ilitoa amri ya kukataza sketi fupi. Baadaye marufuku ikafika kwenye wigi na suruali kwa wanawake. Sababu iliyotolewa ilikuwa heshima ya Mwafrika. Askari akapewa kazi ya kutazama magoti ya wanawake barabarani. Wapo waliokamatwa, wapo waliopigwa.

Fikiri kidogo juu ya amri kama hiyo. Inamwambia kila mwanamume, hata yule asiye na cheo, kwamba mwili wa mwanamke anayepita ni jambo lake la kukagua. Mwanamke wa kijijini anajifunza kupita akiwa ameinama. Na nchi nzima inajifunza kwamba mwanamke akishtakiwa juu ya nguo au mwili, hakuna haja ya ushahidi. Kwa hiyo miaka miwili baadaye, Amin aliposema neno "choo", watu wengi hawakuuliza: "Nani aliona?"

Usidhani kwamba habari hiyo iliisha na Amin. Mwezi Februari 2014 Uganda ilipata sheria mpya dhidi ya ponografia. Katika mazungumzo ya watu iliitwa sheria ya sketi fupi, ingawa maandishi yake hayakutaja urefu wa sketi. Siku zilizofuata, wanawake walivuliwa nguo barabarani na makundi ya wanaume waliojipa kazi ya polisi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu muhimu vya sheria hiyo.

Unaona jinsi dhihaka inavyoshuka? Inaanza kwa waziri, inaishia kwa msichana anayeshuka kwenye bodaboda. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Tuvuke mpaka kwenda Kenya, mwaka 1989. Chama tawala kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 katikati ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Bustani hiyo ndipo mahali watu wasio na fedha walipopumzika Jumapili na watoto wao. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa harakati za Green Belt, aliandika barua kupinga. Hoja zake zilikuwa wazi: jengo lingekula bustani ya umma, na nchi ingekopa fedha nyingi ng'ambo kulijenga.

Unadhani wabunge walijibu hoja ya mkopo? Bungeni walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema juu ya ndoa yake. Wangari alikuwa ameachana na mumewe miaka kumi kabla. Wakauliza mwanamke aliyeachika ana haki gani ya kusema. Na Rais Moi mwenyewe alisema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huheshimu wanaume na kunyamaza.

Jengo halikujengwa. Wafadhili waliondoka, mradi ukafa. Bustani iko hadi leo. Mwaka 2004 Wangari Maathai alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Kama Wakenya wangesikiliza kicheko cha bunge badala ya hoja ya barua, leo pale pangekuwa na saruji na deni.

Turudi Uganda. Mwaka 1994 daktari wa upasuaji, Specioza Wandira Kazibwe, alikuwa Makamu wa Rais. Hakuna mwanamke katika Afrika aliyewahi kushika kiti hicho kabla yake. Mwaka 2002 alisema hadharani kwamba mumewe alikuwa akimpiga. Mumewe hakukana kumpiga kofi, ila alilalamika kwamba mke alikuwa akichelewa kurudi nyumbani. Basi mazungumzo mengi yakahama. Badala ya kuuliza ni vipi mtu wa pili kwa cheo katika nchi anaweza kupigwa nyumbani kwake, watu wakaanza kuhesabu saa: Alirudi saa ngapi? Alikuwa na nani? Ni mke wa namna gani?

Wewe mama unayenisikia, kama makamu wa rais aliulizwa saa ya kurudi, si ajabu kwamba na wewe unaulizwa ukitoka mkutanoni baada ya jua kuzama.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa tunafika Koboko, na hapa nakuomba usikilize kwa makini, kwa sababu kisa hiki kina pande mbili.

Mwezi Februari 2014, wabunge wa chama tawala cha Uganda, NRM, walikutana Kyankwanzi. Kati yao alikuwa Evelyn Anite, mzaliwa wa Koboko, mwandishi wa habari aliyeingia bungeni mwaka 2011 kuwakilisha vijana wa Kaskazini. Hakuwa na umri wa miaka 30 kamili. Alitoa hoja kwamba Rais Museveni awe mgombea pekee wa chama katika uchaguzi wa 2016. Na alipoitoa, alipiga magoti.

Magoti yale yalitembea nchi nzima. Katika nyumba nyingi za Walugbara na Wakakwa, na katika sehemu nyingine za Uganda, mwanamke hupiga magoti akimsalimia mzee au akileta chakula. Msichana asiyepiga magoti huambiwa hana malezi. Hapa mwanamke alipiga magoti, na akachekwa kwa sababu amepiga magoti. Michoro ya vichekesho ikatolewa, majina ya utani yakazuka, na kwa miaka mingi jina lake lilipotajwa, watu walitaja magoti kwanza.

Sasa tuwe waadilifu. Hoja yenyewe ilikuwa jambo zito. Ilihusu nani ataruhusiwa kugombea ndani ya chama na nani atazuiwa. Raia yeyote ana haki ya kuiunga mkono au kuipinga kwa maneno makali. Kipindi hiki hakina chama, na hatukuambii uipende au uichukie hoja ile. Tunakuuliza jambo jingine. Wabunge waliokuwa ukumbini walikuwa wengi, na walio wengi kati yao walikuwa wanaume. Waliipitisha hoja ile. Je, unaweza kutaja majina matatu ya wanaume hao? Huwezi, kwa sababu hakuna aliyechora magoti yao. Uamuzi ulikuwa wa ukumbi mzima, dhihaka ikabebwa na mwanamke mmoja.

Hata wale waliochukia uamuzi ule walipoteza kitu. Walipokuwa wakicheka magoti, hawakuwa wakijadili uamuzi. Dhihaka ya adabu humwumiza anayechekwa, na papo hapo humlinda kila mtu mwingine aliyepaswa kuulizwa swali.

Weka sasa visa hivi viwili kando kwa kando. Wangari hakuinama mbele ya wanaume, akaambiwa hana heshima. Anite aliinama, akaambiwa amejidhalilisha. Usipopiga magoti, kosa. Ukipiga, kosa. Mtihani ambao kila jibu ni kosa haukutungwa ili mtu afaulu.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Labda utasema: hayo ni ya zamani, na dunia imebadilika. Basi chukua visa vitatu vya miaka ya karibu, vyote kutoka kwenye kumbi za kutunga sheria.

Agosti 2019, Nairobi. Mbunge wa akina mama wa Kaunti ya Kwale, Zuleikha Hassan, aliingia bungeni na mtoto wake mchanga wa miezi mitano, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na wa kumwachia. Aliamriwa kutoka. Kelele zikazuka, baadhi ya wenzake wakasema ameliaibisha Bunge.

Juni 2021, Dodoma. Mbunge wa Momba, Condester Sichwale, alikuwa amevaa suruali. Mbunge mwanamume alisimama kulalamika juu ya mavazi ya wabunge wanawake, akamtaja yeye. Spika Job Ndugai akamwamuru atoke akavae vizuri, kisha arudi. Baadhi ya wabunge wanawake walidai mwenzao aombwe radhi.

Februari 2023, Nairobi tena. Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na suruali nyeupe yenye doa jekundu kama la hedhi. Alikuwa akipigania wasichana wa shule wapate sodo bure. Wenzake wakalalamika kwamba anavunja heshima ya nyumba, na Spika akamtaka aende kubadilisha nguo. Wewe binti uliyewahi kukosa shule kwa ajili ya jambo hilo, na nyinyi akina mama mnaojua sabuni na vitambaa vinavyogawiwa kambini havitoshi, mnaelewa doa lile lilikuwa likisema nini. Ukumbi uliliona doa, haukumwona msichana.

Mtoto, suruali, doa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia kama mtu anaweza kusoma bajeti au kutetea jimbo lake.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Najua swali lililo moyoni mwa mzee anayetusikiliza. "Mtangazaji, unataka kutuambia adabu si kitu? Unataka binti zetu wadharau wazee?"

Hapana, baba. Adabu ni mali yetu. Wengi wetu tulivuka mpaka bila godoro wala sufuria, lakini salamu zetu tulikuja nazo. Mkuu wa kaya anapomkaribisha mgeni, kijana anapompisha mzee kwenye foleni ya mgao, hiyo ni adabu, na bila hiyo kambi haikaliki.

Lakini adabu ya kweli ina alama mbili. Ya kwanza, inawapima wote. Kama kuchelewa mkutanoni ni kosa, basi ni kosa kwa mwenyekiti kama lilivyo kwa katibu mwanamke. Kama kupaza sauti ni utovu wa heshima, basi na yule baba anayefoka kila Jumanne aambiwe. Ya pili, adabu inamrekebisha mtu ili aendelee na kazi. Haikusudii kumfukuza. Ukimvuta mama kando ukamwambia polepole, "Mama, wazee wangefurahi ukianza na salamu," hiyo ni adabu. Ukisubiri asimame mbele ya watu mia mbili ndipo umcheke ili akae chini, hiyo si adabu tena. Hiyo ni adhabu, na kosa lake ni kusimama.

Sheria nazo zinasema jambo hili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 33, inakataza sheria, tamaduni na desturi zinazovunja utu wa mwanamke, ustawi wake au maslahi yake. Haisemi desturi zote zifutwe. Inasema desturi isigeuzwe fimbo. Katiba hiyo hiyo inampa kila wilaya mbunge mwanamke, utaratibu ulioanza mwaka 1989. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inataka usawa wa wanawake na wanaume katika vyombo vya nchi. Mkataba wa amani wa Sudani Kusini wa mwaka 2018 uliwatengea wanawake asilimia 35 ya nafasi za serikali.

Na wanawake wameingia. Sophie Kanza alikuwa waziri huko Kongo tangu mwaka 1966, wa kwanza katika nchi hiyo. Jemma Nunu Kumba aliapishwa kuwa Spika wa Bunge la mpito la Sudani Kusini mwaka 2021. Judith Suminwa Tuluka akawa Waziri Mkuu wa Kongo mwaka 2024. Sheria hufungua mlango. Lakini sheria haiwezi kuzuia kicheko kinachomngoja mtu ndani ya nyumba. Hicho tunakizuia sisi.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Basi tuje kwetu, kambini.

Unajua kamati za wakimbizi, zile tunazoziita RWC, kuanzia kijiji hadi makazi mazima. Ndani yake zimo nafasi za wanawake. Kamati hizo ndizo zinazopeleka malalamiko mbele: maji, shule, usalama wa njia ya kuni, majina yaliyoruka kwenye orodha. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula na fedha umepangwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na kaya nyingi zimepunguziwa au kuondolewa. Katika wakati kama huu, tunahitaji kila mtu anayejua kusema. Mama aliyeketi chini kwa sababu ya kicheko amekaa na taarifa ambayo ingeweza kurudisha jina la kaya fulani kwenye orodha. Kaya hiyo inaweza kuwa yako.

Kwa hiyo, mara nyingine utakaposikia kiongozi mwanamke anasemwa, iwe ni waziri redioni au mjumbe wa bloku yenu, jiulize maswali matatu.

La kwanza: anashtakiwa juu ya kazi au juu ya mwenendo? "Hakuleta taarifa ya kisima" ni shtaka la kazi. "Anatembea kama mwanamume" si shtaka la kazi.

La pili: angekuwa mwanamume, tungesema hivyo? Mjumbe mwanamume akirudi saa tatu usiku tunasema ana kazi nyingi. Mjumbe mwanamke je?

La tatu: nani anafaidika tukicheka? Mara nyingi kuna mtu anayetaka swali fulani lisijibiwe. Mtafute.

Na wewe kiongozi mwanamke, kipindi hiki hakikupi kinga. Ukila fedha za kikundi, ulizwe. Ukishindwa kazi, kura ikutoe. Bagaya, Wangari, Kazibwe, Anite, kila mmoja wao ana matendo ya kupimwa, mazuri na mabaya. Tunachotaka ni kimoja: mizani iwe ile ile anayopimiwa mwanamume.

Wewe baba na wewe kijana, kazi yako ni nyepesi kuliko unavyodhani. Huna haja ya hotuba. Mkutanoni, kicheko kikianza, sema tu: "Tumwache amalize." Maneno mawili. Bunge la Nairobi la 1989 lilikosa mtu wa kuyasema kwa sauti ya kusikika.

[MUZIKI UNAPANDA KIDOGO, UNASHUKA.]

MTANGAZAJI: Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya hapa maswali ya mazungumzo. Mwenyekiti wa kikundi ahakikishe wanawake na vijana wanaanza kujibu.

1. Kwa nini uongo juu ya Elizabeth Bagaya ulienea haraka mwaka 1974? Je, leo, kwa simu na picha za kutengenezwa, ungeenea haraka zaidi? Kikundi chenu kingefanya nini kabla ya kuusambaza?

2. Katika jamii yenu, ni salamu gani mwanamke hutakiwa kutoa na mwanamume hatakiwi? Je, inawezekana kuheshimu salamu hiyo bila kuitumia kumnyamazisha mtu?

3. Katika mikutano mitatu iliyopita ya zoni yenu, wanawake wangapi walizungumza hadi mwisho wa hoja yao? Nani aliwakatiza, na kwa neno gani?

4. Taja jambo moja ambalo mjumbe mwanamke wa bloku yenu amelifanya mwaka huu. Kama hakuna anayeweza kulitaja, je, ni kwa sababu hakufanya, au ni kwa sababu hatukuuliza?

Andikeni majibu yenu mmpe mhamasishaji wa kikundi chenu. Tutasoma baadhi yake kipindi kijacho bila kutaja majina.

Mpe na jirani karatasi hii.

[MUZIKI WA KUFUNGA]